Kilomita Ambazo Nauli Haizioni

Simu inaita kabla gari halijasogea. "Dada habari, dereva wako hapa. Unaelekea wapi?" Mbezi Beach, kwa ndani. "Kwako imeandika shilingi ngapi?" Elfu tisa. Kimya kidogo, halafu: "Niongezee basi hata elfu mbili, dada yangu. Kule narudi mtupu."

Aliyewahi kuita teksi mtandao akiwa Mwenge, Sinza au Kariakoo anayafahamu mazungumzo haya. Abiria wengi huyamaliza kwa hasira, maana bei si imeshaandikwa? Dereva naye ana hoja, ila mara nyingi hana namba za kuitetea. Anachojua ni kwamba jana alishinda barabarani tangu alfajiri, simu haikutulia, na alipotoa mafuta na hesabu ya tajiri, yaani malipo ya kila siku kwa mwenye gari, akabakiwa na pesa ya kula na vocha.

Programu haijakosea kujumlisha. Ila nauli hupimwa kwa safari ya abiria, na gharama hupimwa kwa safari ya gari. Gari hutembea kumfuata abiria, hutembea naye, kisha hutembea tena kumtafuta mwingine. Katika vipande hivyo vitatu, kwa kawaida kinacholipwa ni kile cha katikati. Dereva anayetaka kujua kama kazi inamlipa hana budi kuanzia hapo.

Nauli inavyopikwa

Programu nyingi za teksi hujenga nauli kwa vipande vinne. Kuna kianzio, kiasi kinachohesabiwa hata kabla gurudumu halijazunguka. Kuna bei ya kila kilomita. Kuna bei ya kila dakika, ambayo ndiyo fidia ya foleni. Halafu kuna nauli ya chini, ili safari ya kutoka duka moja hadi jingine isimalizike kwa sarafu. Juu ya hapo huweza kuja ada ya kuita gari, malipo ya kusubiri, maegesho ya uwanja wa ndege, na kizidisho cha saa ambazo abiria ni wengi kuliko magari.

Nairobi inatoa mfano mzuri wa vipande hivyo vinavyofanya kazi. Uber iliingia katika jiji hilo Januari 2015. Bei yake ya mwanzo ilikuwa kianzio cha shilingi 100 za Kenya, shilingi 60 kwa kilomita na shilingi 4 kwa dakika. Julai 2016, ushindani ulipopamba moto, kilomita ikashushwa hadi shilingi 35 na dakika hadi shilingi 3.

Chukua safari ya kilomita 10 inayokula dakika 30, kama ya kutoka Westlands kwenda South B. Kwa bei ya zamani ni 100, jumlisha 600 za kilomita, jumlisha 120 za dakika: shilingi 820. Kwa bei mpya ni 100, jumlisha 350, jumlisha 90: shilingi 540. Abiria alibaki na shilingi 280 mfukoni. Dereva, ambaye wakati huo alikatwa kamisheni ya asilimia 25, alishuka kutoka shilingi 615 hadi 405. Kituo cha mafuta hakikumpunguzia bei, na benki iliyomkopesha gari haikugusa marejesho. Madereva waligoma. Mwaka uliofuata kilomita ikapandishwa hadi shilingi 42, ambayo bado ilikuwa chini sana ya ile 60.

Kamisheni inavyopigiwa kelele

Ukikaa kijiweni na madereva, neno utakalolisikia kwanza ni kamisheni. Ni kilio cha haki, na serikali zimekisikia. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilitangaza mwaka huohuo nauli pamoja na kikomo cha kamisheni cha asilimia 15. Aprili 2022 Uber ikasimamisha huduma zake nchini ikisema masharti hayo hayabebeki. Bolt nayo baadaye ikabana huduma zake na kubaki na wateja wa kampuni. Kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25, Uber ikarejea Januari 2023.

Lakini turudi kwenye safari ile ya shilingi 540. Kwa kamisheni ya asilimia 25 dereva anabaki na 405. Kwa asilimia 18 anabaki na 443. Nyongeza ni shilingi 38. Ni pesa, hakuna wa kuidharau, ila haifiki hata robo ya zile 210 alizopoteza bei ya kilomita iliposhushwa. Ndiyo maana kikomo cha 2022 hakikuzima migomo ya Nairobi. Mwaka 2024 madereva wengi walianza kutembea na karatasi za bei zao wenyewe, nyingine zimefunikwa plastiki na kubandikwa mbele ya kiti, wakimwomba abiria alipe zaidi ya kilichoandikwa kwenye simu. Kampuni ziliwaonya. Abiria wengine walilipa, wengine walishuka.

Dereva anayelinganisha programu mbili kwa kamisheni peke yake basi amesoma nusu ya karatasi. Asilimia 15 ya nauli ndogo inaweza kumwachia kidogo kuliko asilimia 25 ya nauli nzuri. Swali la kuuliza ni moja: kwa safari ileile, saa ileile, shilingi ngapi zinabaki baada ya makato yote? Jibu hupatikana kwenye historia ya safari ndani ya programu, ambako nauli, kamisheni na ada nyingine huandikwa kila kimoja mahali pake. Wengi hawaifungui.

Shilingi elfu tisa, safari mbili

Sasa turudi Mwenge kwa yule dada. Tuseme dereva wa Toyota IST yuko kilomita 3 kutoka alipo abiria. Safari yenyewe ni kilomita 8 na dakika 25, nauli shilingi 9,000 za Tanzania, kamisheni asilimia 25. Tuseme pia lita ya petroli ni shilingi 3,000 na gari, kwa foleni za Dar es Salaam, linakwenda kilomita 12 kwa lita. Kila kilomita basi inakula mafuta ya shilingi 250. Kila dereva aweke namba zake mahali pa hizi. Kinachotafutwa hapa ni njia.

Kamisheni inaondoka na 2,250, zinabaki 6,750. Gari linatembea kilomita 3 kumfuata abiria, kilomita 8 naye, na kilomita 4 kutoka ndani ya Mbezi Beach hadi ombi jingine linapoingia. Jumla kilomita 15, mafuta shilingi 3,750. Zinabaki 3,000. Muda nao: dakika 10 kumfuata, 5 kumsubiri ashuke ghorofani, 25 za safari, 20 za kurudi na kusubiri. Saa nzima. Dereva ameingiza shilingi 3,000 kwa saa, na bado hajagusa hesabu ya tajiri.

Chukua safari nyingine ya nauli hiyohiyo, kilomita 8 hizohizo na dakika 25 hizohizo, ila inatoka Mwenge kwenda Masaki. Abiria yuko kilomita moja tu. Kule anakoshuka maombi ni mengi, kwa hiyo baada ya kilomita moja na dakika 8 simu inaita tena. Jumla kilomita 10, mafuta 2,500, zinabaki 4,250. Muda ni dakika 4 za kumfuata, 3 za kusubiri, 25 za safari na 8 za mwisho, jumla dakika 40. Ukiipeleka kwenye saa ni shilingi 6,375.

Abiria wote wawili wamelipa elfu tisa. Kampuni imechukua kamisheni ileile. Mmoja amemwachia dereva mara mbili na zaidi ya mwenzake kwa kila saa, na tofauti yote imetoka kwenye kilomita na dakika ambazo hakuna aliyezilipa.

Bei ya chini ya dereva mwenyewe

Kampuni ina nauli yake ya chini. Dereva naye anahitaji ya kwake, na kuitengeneza ni kazi ya jioni moja yenye kalamu.

Aanze na mafuta, na asikadirie. Ajaze tangi, aandike namba ya kilomita kwenye dashibodi, afanye kazi siku mbili tatu, ajaze tena hadi palepale, kisha agawanye kilomita alizotembea kwa lita zilizoingia. Wengi hushangaa: gari lililosifiwa kwenda kilomita 18 kwa lita kwenye barabara ya Morogoro linakwenda 11 likiwa Kariakoo na kiyoyozi kimewashwa.

Pili ni uchakavu. Kubadilisha oili kukigharimu shilingi 100,000 kila kilomita 5,000, hiyo ni shilingi 20 kwa kilomita. Matairi manne ya shilingi 480,000 yanayodumu kilomita 40,000 ni shilingi 12. Akiongeza breki, plagi na kuosha gari, si ajabu kufika shilingi 50. Nani analipa hizi inategemea makubaliano. Dereva wa hesabu, anayepeleka kiasi maalumu kwa mwenye gari, mara nyingi humwachia tajiri matengenezo makubwa. Dereva wa mkataba, ambaye gari litakuwa lake akimaliza malipo, hubeba kila kitu, na asipoweka shilingi 50 hizo pembeni kila kilomita, siku shokomzoba zitakapogonga atakopa.

Tatu ni hesabu yenyewe. Tuseme ni 25,000 kwa siku na gari hutembea kilomita 150, zenye abiria na zisizo na abiria. Hiyo ni shilingi 167 kwa kilomita. Nne ni mshahara wake, kitu ambacho madereva wengi hukisahau kabisa na kukiita "kitakachobaki". Akitaka kwenda nyumbani na 30,000, aongeze shilingi 200 kwa kilomita.

Jumla: 250, na 50, na 167, na 200. Shilingi 667 kwa kila kilomita ambayo gari linatembea. Sasa arudie safari mbili za Mwenge. Ya Mbezi Beach ilimwachia 6,750 kwa kilomita 15, yaani 450. Ya Masaki ilimwachia 6,750 kwa kilomita 10, yaani 675. Moja iko chini ya mstari, nyingine imeuvuka kwa shilingi chache. Hoja aliyokuwa akiitafuta kwenye simu na yule dada iko hapa.

Mstari huo usigeuzwe kuwa pingu. Saa nane mchana, jua kali, simu imenyamaza kwa nusu saa, safari ya shilingi 450 kwa kilomita ni afadhali kuliko kulala chini ya mwembe: mafuta na uchakavu ni 300, na 150 zinazobaki zinapunguza hesabu ambayo itadaiwa hata asipotembea. Hatari ni kuipokea safari kama hiyo saa kumi na mbili jioni, abiria wakiwa wamejaa Posta, kwa sababu tu kidole kimezoea kubonyeza.

Programu humpa dereva sekunde chache za kuamua, kwa hiyo hesabu iwe nyepesi. Atazame umbali wa kumfuata abiria kwanza. Ukizidi theluthi ya safari yenyewe, ajiulize mara mbili. Programu ikimwonesha mahali pa kushuka, ajiulize kama kule kuna maombi au atarudi mtupu. Isipomwonesha, hiyo ndiyo sababu ya zile simu za "unaelekea wapi".

Jiji lililohesabu dakika tupu

Kuna mahali ambapo kilomita tupu ziliingizwa kwenye sheria. Mamlaka ya teksi ya jiji la New York ilipitisha kanuni iliyoanza kutumika Februari 2019, ikilenga dereva abaki na angalau dola 17.22 kwa saa baada ya gharama. Wataalamu walikuwa wamekuta kwamba katika muda ambao madereva wa programu wako hewani, ni kama asilimia 58 tu wana abiria ndani ya gari. Basi kanuni ikachukua bei ya maili na ya dakika, kisha ikazigawanya kwa 0.58. Dakika moja yenye abiria inalipwa kiasi cha kubeba na ile tupu iliyo nyuma yake. Kampuni ikijaza barabara magari yasiyo na kazi, kiwango hicho kinashuka na malipo ya kila safari yanapaswa kupanda.

Dar es Salaam na Nairobi hazina kanuni ya namna hiyo, ila kipimo chenyewe ni cha bure. Dereva agawanye dakika zenye abiria kwa dakika zote alizokuwa hewani. Ile safari ya Mbezi Beach ilikuwa dakika 25 kati ya 60, asilimia 42. Ya Masaki ilikuwa 25 kati ya 40, asilimia 62.5. Anayefanya hivyo kwa wiki mbili ataona saa zake nzuri na mitaa yake mibaya bila kuambiwa na mtu, na huenda akagundua kwamba saa tatu za katikati ya mchana zingemfaa zaidi akilala.

Mitego midogo

Bei nyingi siku hizi hutangazwa kabla ya safari, kwa kukadiria njia na muda. Mvua ikinyesha na maji yakajaa bonde la Jangwani, makadirio hayo yanaweza kumwacha dereva na dakika 40 ambazo hazikuhesabiwa. Abiria akiomba kupitia dukani au kubadilisha mahali pa kushuka, dereva amwambie kwa upole abadilishe kwenye simu yake kabla gari halijageuka. Safari iliyobadilishwa kwa mdomo hulipwa kwa bei ya zamani, na ubishi wake huishia mlangoni.

Rangi nyekundu kwenye ramani, inayoonesha nauli zimepanda, huvuta madereva kama taa inavyovuta kumbikumbi. Wakifika thelathini kwa pamoja, uhaba uliopandisha bei umekwisha. Aliye karibu anufaike nayo. Aliye kilomita saba asiteketeze mafuta kuifuata. Faida zaidi iko kwenye kuzijua saa zinazojirudia, kama Ijumaa usiku au wakati ndege nyingi zinatua Terminal 3, na kuwa pale mapema.

Pesa taslimu ina mtego wake. Safari ya elfu tisa ikilipwa mkononi, mle ndani mna 2,250 za kampuni. Safari kumi za namna hiyo ni deni la 22,500, na programu hufunga akaunti ya anayelimbikiza. Dereva atenge kamisheni kila anapopokea noti, kwenye mfuko mwingine kabisa. Punguzo la abiria nalo lisimshtue: kwa kawaida abiria anapolipa pungufu kwa sababu ya promosheni, kampuni hufidia tofauti kwenye pochi ya dereva, ila ni juu yake kufungua na kuhakiki kama imeingia.

Safari iliyofutwa hulipwa tu pale dereva alipofika kwenye alama ya ramani na kusubiri muda uliowekwa. Kusimama upande wa pili wa barabara na kupiga simu hakuhesabiki. Apige picha ya skrini kabla ya kufunga, maana madai bila ushahidi hayafiki mbali.

Kwa programu za kupatana bei, kama inDrive, bei ya chini ya dereva ndiyo silaha yenyewe. Kampuni hiyo ilizaliwa Yakutsk, Siberia, baada ya wakazi kuanza kupatana nauli mtandaoni pale teksi zilipopandisha bei wakati wa baridi kali. Abiria anataja kiasi, dereva anakubali au anataja chake. Asiyejua namba yake atashindana na mwenzake kushuka, na wote wawili watafika chini ya 300 kwa kilomita wakicheka.

Upande wa abiria

Abiria naye ana mchango katika hesabu hii. Akisimama mahali hasa alipoweka alama, anaokoa dakika tano za kuzungushana. Akiwa tayari getini gari linapofika, anaokoa tano nyingine. Na dereva akifuta ombi lake mara mbili mfululizo, si lazima iwe jeuri. Huenda magari yaliyo karibu zaidi bado yako mbali kiasi kwamba safari haiwalipi madereva. Kusubiri dakika kumi au kuongeza kidogo pale programu inaporuhusu humaliza jambo haraka kuliko matusi. Ila dereva aliyekubali safari kwa bei iliyoandikwa hana haki ya kuibadilisha abiria akiwa ameshakaa na mkanda umefungwa. Kama bei haimlipi, wakati wa kusema hapana ni kabla ya kubonyeza.

Vifaa vya kazi hii havizidi daftari la shuleni la kurasa 40 na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kioo. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni lita ya petroli. Asubuhi dereva anaandika kilomita za dashibodi. Usiku anaziandika tena, pamoja na pesa zilizobaki baada ya kamisheni, na anagawanya. Namba moja kwa siku. Wiki ikiisha ana namba saba, na anajua ipi ilivuka mstari na kwa nini.

Mstari wenyewe husogea. Kenya bei mpya za mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na Tanzania mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, huzitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo, kabla ya kuwasha simu ya kazi, dereva anafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, anafuta 250 na kuandika namba ya mwezi huu.